Mkuu wa Idara na Wakubwa Wake Watano: Jinsi Uongozi Unavyojengwa Ndani ya Halmashauri

Mganga Mkuu wa halmashauri ya wilaya, tuseme ya pwani kama Bagamoyo, anapofungua ofisi Jumatatu asubuhi huwa tayari anadaiwa majibu na watu wasiopungua watano. Mkurugenzi Mtendaji anataka maelezo ya ununuzi wa dawa kabla ya kikao cha menejimenti. Sekretarieti ya Mkoa iliyoko Kibaha inasubiri taarifa ya robo mwaka. Wizara ya Afya imetoa mwongozo ambao utekelezaji wake hupimwa kwa takwimu za kila mwezi. Mkuu wa Wilaya alipita kwenye zahanati fulani mwishoni mwa wiki, akakuta wagonjwa wamekaa chini, na sasa anahoji. Diwani wa kata hiyo hiyo naye ameshatamka kwamba jambo hilo atalifikisha kwenye kamati ya elimu, afya na maji. Hakuna hata mmoja kati yao anayejiingiza katika kazi isiyomhusu, kwa kuwa kila mmoja ana sheria, mwongozo au kura za wananchi zinazompa haki ya kuuliza.

Mijadala mingi kuhusu kuendeleza uongozi katika serikali za mitaa huanza na mtu: awe mwadilifu, awe na maono, ajiamini, ajue kusema mbele ya watu. Sifa hizo ni njema na hakuna anayezipinga. Lakini mtu huyo huyo ukimweka katikati ya wakubwa watano, ukampa fedha ambazo sehemu kubwa inatoka Hazina ikiwa imekwisha kupangiwa matumizi, na watumishi ambao hawezi kuwaajiri wala kuwaachisha kazi kwa uamuzi wake, sifa zake binafsi hufika ukomo mapema sana. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba uongozi katika halmashauri ni stadi ya timu kabla ya kuwa kipaji cha mtu, kwamba stadi hiyo hujengwa kazini kwa kulishughulikia tatizo moja linalopimika mpaka mwisho wake, na kwamba mafunzo yanayomtoa mtu mmoja kwenda ukumbini na kumrudisha peke yake hupotea kwa sababu zinazoeleweka.

Mamlaka yaliyogawanywa kwa makusudi

Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ndizo zinazoanzisha serikali za mitaa na kueleza kuwa lengo lake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria mbili za mwaka 1982, yaani Sura ya 287 kwa mamlaka za wilaya na Sura ya 288 kwa mamlaka za miji, zinaeleza namna madaraka hayo yanavyotumika. Baraza la Madiwani ndilo chombo cha juu cha uamuzi katika halmashauri. Mwenyekiti wake huchaguliwa na madiwani wenzake, ilhali Mkurugenzi, ambaye ni mtendaji mkuu na katibu wa Baraza hilo hilo, huteuliwa na Rais. Wahenga walisema mafahari wawili hawakai zizi moja. Sheria yetu imeamua kwamba watakaa, tena mmoja akiwa ameletwa na kura na mwingine akiwa ameletwa na barua ya uteuzi, na hakuna mwenye uwezo wa kumwondoa mwenzake kwa urahisi.

Watu wengi huuona mgawanyo huu kama kasoro ya kimuundo. Kwa maoni yangu si kasoro, kwa sababu diwani asiyeweza kumhoji mtaalamu ni pambo tu, na mtaalamu asiyeweza kumwambia diwani kuwa zahanati ya tatu katika kata moja haina watumishi wa kuiendesha hana faida yoyote kwa wananchi. Tatizo ni kwamba muundo huo unadai stadi ambazo hakuna kati ya pande hizo mbili aliyefundishwa. Diwani alijifunza kushinda uchaguzi. Mkuu wa idara alijifunza uhandisi, ualimu, uhasibu au utabibu, akapanda daraja kwa sababu alikuwa mhandisi au mwalimu mzuri, na siku aliyokabidhiwa idara akajikuta anafanya kazi ambayo haikuwamo katika masomo yake: kupatanisha, kushawishi, kuchagua lipi liachwe ili lipi lifanyike, na kusimamia watu ambao jana walikuwa wenzake.

Historia nayo imeacha alama yake. Mwaka 1972 serikali za mitaa vijijini zilivunjwa katika mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani, na za mijini zikafuata muda mfupi baadaye. Halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978, baada ya huduma za usafi kuzorota kiasi cha kipindupindu kuenea, na za wilaya zikarejea kwa sheria za 1982 na kuanza kazi rasmi mwaka 1984. Kwa zaidi ya muongo mmoja, basi, mtumishi wa wilayani alikuwa mtekelezaji wa maelekezo yaliyoshuka kutoka juu. Watu wa kizazi hicho wamekwisha kustaafu, lakini mazoea hurithiwa kwa njia ya dokezo sabili (waraka wa ndani wa ofisi), kwa namna kikao kinavyoendeshwa, na kwa jibu lile linalosikika katika masijala nyingi kwamba jambo fulani linasubiri maelekezo. Mara nyingi maelekezo hayo hakuna aliyeyaomba.

Katika miaka ya karibuni ugumu umeongezeka kwa njia nyingine. TARURA, wakala wa serikali wa barabara, ilianza kazi mwaka 2017 na kuchukua barabara za vijijini na mijini ambazo zamani zilikuwa chini ya halmashauri, na RUWASA, wakala wa maji, ikaanza mwaka 2019 na kuchukua maji vijijini. Wapo wanaosema kuwa hatua hizo zilileta utaalamu na nidhamu ya fedha, na wapo wanaosema zilipunguza uzito wa Baraza. Mjadala huo una hoja pande zote. Kinachohusu mada yetu ni kwamba mwananchi wa Fukayosi au Yombo anapolalamikia kalavati lililobomoka, humlalamikia diwani wake vile vile kama zamani, na diwani humgeukia Mkurugenzi, ambaye sasa hana meneja wa barabara wa kumwamuru. Anaye meneja wa wakala jirani ambaye anapaswa kumwalika, kumsikiliza na kukubaliana naye. Stadi ya kuongoza mtu asiye chini yako imekuwa sehemu ya kazi ya kila siku.

Kinachopotea kati ya ukumbi na ofisi

Nchi yetu haijakosa vyuo vya kazi hii. Mzumbe ilianza mwaka 1953, wakati wa ukoloni, kama shule ya kuwafundisha watendaji wa serikali za mitaa za enzi hizo, muda mrefu kabla ya kuwa chuo kikuu. Hombolo, mkoani Dodoma, kuna Chuo cha Serikali za Mitaa. Chuo cha Utumishi wa Umma kina matawi katika mikoa kadhaa, likiwamo la Tanga. Taasisi ya UONGOZI ilianzishwa mwaka 2010 kwa ajili ya viongozi wa ngazi za juu. Kila baada ya uchaguzi madiwani wapya hupewa mafunzo ya kuwaelekeza katika majukumu yao, na wakuu wa idara huhudhuria semina za mfumo huu au ule wa fedha, mipango au ununuzi. Mengi ya mafunzo hayo ni mazuri na yanaongozwa na watu wanaoijua kazi.

Sababu ya kwanza ya kupotea kwake ni kwamba anayefundishwa ni mmoja, wakati anayetakiwa kubadilika ni kundi. Afisa Mipango anarudi kutoka semina ya siku tano akiwa amejifunza kwamba vipaumbele vitatu vilivyotekelezwa ni bora kuliko thelathini vilivyoandikwa. Katika kikao cha kwanza cha bajeti anakutana na wakuu wa idara wenzake ambao hawakuwa semina, kila mmoja akiwa na orodha yake, na ukomo wa bajeti ukiwa umekwisha kutolewa. Akishikilia vipaumbele vitatu ataonekana ana lake jambo. Baada ya mwezi mmoja orodha inakuwa na vipengele thelathini, na shajara ya semina iko kabatini.

Sababu ya pili ni kwamba yaliyofundishwa hayakufungwa kwenye kazi yoyote. Kundi hugawanywa ukumbini katika vikundi vidogo, hupewa kisa cha wilaya ya kufikirika, na hutoa majibu mazuri kuhusu wilaya hiyo isiyokuwepo. Wilaya halisi, yenye dereva aliyekwenda likizo na mzabuni aliyechelewa, haimo katika zoezi.

Posho ni sababu inayotajwa sana barazani na ambayo mimi siipi uzito mkubwa. Ni kweli kwamba semina ikiwa na malipo huwavuta wasiohusika, na kwamba mtu anaweza kuhudhuria mada moja mara tatu. Lakini posho ikiondolewa na mengine yakabaki vile vile, kitakachopatikana ni semina isiyo na watu.

Wilaya jirani iliyofanya tofauti

Mfano mzuri kuliko yote ninayoujua hauko mbali. Rufiji imo katika mkoa huu huu wa Pwani, kusini mwa Dar es Salaam kama Bagamoyo ilivyo kaskazini mwake. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na shirika la utafiti wa maendeleo la Canada, IDRC, iliendesha mradi uliojulikana kama TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lililoulizwa lilikuwa rahisi kulitamka: ikiwa timu ya afya ya wilaya itapewa fedha kidogo za ziada, pamoja na uwezo wa kuona ni magonjwa gani hasa yanayoua watu wa wilaya yake, je, itafanya maamuzi tofauti?

Jibu lilikuwa ndiyo, na namna ilivyotokea inafundisha zaidi ya jibu lenyewe. Takwimu za vifo zilikusanywa kutoka kaya hadi kaya, kwa kuwa watu wengi walikuwa wakifia nyumbani bila kuandikwa popote. Zilipowekwa katika chati nyepesi kando ya bajeti ya wilaya, pengo lilijionyesha lenyewe. Huko Morogoro malaria ilikuwa ikisababisha takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika mwaka 1996 ilikuwa imetengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Hakuna mtu aliyewahi kuamua kwamba iwe hivyo. Bajeti ilikuwa imekua mwaka hadi mwaka kwa kunakili ya mwaka uliotangulia na kuongeza yale ambayo mfadhili fulani alikuja nayo.

Timu zilipoiona chati hiyo hazikuhitaji kuhutubiwa. Zilihamisha fedha, zikapanua utaratibu wa kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja badala ya moja moja, na zikasukuma matumizi ya vyandarua. Zilipanga upya pia usimamizi, kwa sababu wilaya ni pana na timu ya makao makuu haikuweza kufika kila zahanati: vituo vikubwa vilipewa jukumu la kuzisimamia zahanati jirani, vikapewa redio za mawasiliano na pikipiki, na msimamizi akawa mtu aliye karibu ambaye angeweza kurudi wiki inayofuata kuona kama alichoshauri kimefanyika. Mradi ulikuwa tayari kutoa hadi dola 2 za Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka juu ya takriban dola 8 zilizokuwa zikitumika. Timu ziliweza kutumia senti 80 hivi, na hizo zilitosha kuleta mabadiliko. Vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 Rufiji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka mitano hivi.

Si haki kuuhesabia uongozi wa timu peke yake upungufu wote huo, kwa kuwa dawa, chanjo na vyandarua vilikuwa vikiboreka nchini kote katika miaka hiyo. Hata hivyo mambo matatu yaliyofanyika Rufiji hayakutegemea dawa mpya. Timu nzima iliangalia ushahidi mmoja kwa wakati mmoja. Ilikuwa na uhuru wa kuhamisha sehemu ya fedha kulingana na ilichokiona. Na ilirudi kupima. Mganga Mkuu hakuhitaji kuwa na haiba ya pekee. Chati ilimpa hoja ambayo angeweza kuisimamia mbele ya wakubwa wake wote watano bila kugombana na yeyote.

Namna stadi hii inavyofundishwa kazini

Mbinu inayofanana na hiyo ilipewa umbo la mafunzo huko Aswan, kusini mwa Misri, kuanzia mwaka 2002, ambako timu za afya zilijifunza uongozi kwa kuchagua matokeo moja wanayotaka kuyafikia katika vituo vyao na kuyafanyia kazi kwa miezi kadhaa, huku wawezeshaji wakiwarudia mara kwa mara. Baadaye madaktari na wauguzi wa huko wenyewe ndio walioendelea kuwafundisha wenzao. Mbinu hiyo imetumika baadaye katika nchi nyingi za Afrika, na inatenganisha kazi mbili ambazo huchanganywa. Kuongoza ni kuchunguza hali ilivyo, kuchagua la kushikilia, kuwaunganisha watu na rasilimali, na kuwatia watu moyo. Kusimamia ni kupanga, kugawa kazi, kutekeleza na kufuatilia. Mkuu wa idara anahitaji zote mbili, na halmashauri zetu, kwa maoni yangu, zina upungufu zaidi katika mambo mawili ya mwanzo ya upande wa kuongoza kuliko katika mengine yote.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa halmashauri yoyote ya pwani yenye soko la samaki ufukweni. Makusanyo ya ushuru wa soko hilo yamesimama kwenye asilimia 60 ya makisio kwa miaka miwili. Kila robo taarifa inasema kwamba wafanyabiashara wanakwepa, na mapendekezo yanasema elimu itolewe na sheria ndogo zisimamiwe. Sentensi hizo mbili zinaweza kunakiliwa kutoka taarifa moja hadi nyingine kwa miaka kumi.

Sasa timu ndogo inaundwa: Mweka Hazina, Afisa Uvuvi, Mtendaji wa Kata, mkusanya ushuru mwenyewe, na mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za bahari, wale wanaoitwa BMU. Sharti la kwanza ni kwamba hakuna ruhusa ya kuandika suluhisho kabla ya kushuka ufukweni. Wanashuka alfajiri, na siku nyingine jioni. Wanakuta kwamba vyombo havirudi kwa saa za ofisi: hurudi kwa upepo na maji, na bamvua ikiingia saa za kushusha samaki husogea kila siku, wakati mkusanya ushuru yuko kibandani kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri kwa sababu ndiyo ratiba aliyopewa. Wanakuta mnada wa kwanza umekwisha kabla hajafika. Mashine yake ya POS, ile ya kupokelea malipo na kutoa risiti, inaishiwa chaji kabla ya adhuhuri, na soketi iliyo karibu ni ya mama muuza chai, ambaye naye ana siku anazokuwepo na siku anazokosekana. Wanasikia pia dalali akilalamika kwamba ndoo ya dagaa na ndoo ya changu zinatozwa sawa.

Wakwepaji nao wapo, bila shaka, lakini sasa ni sehemu moja ya maelezo badala ya kuwa maelezo yote. Timu inaandika lengo moja: kutoka asilimia 60 hadi 80 ya makisio ndani ya miezi sita. Ratiba ya mkusanyaji inafungwa kwenye kalenda ya maji, ambayo mwenyekiti wa BMU anaijua kichwani. Betri ya akiba inanunuliwa. Suala la viwango vya ndoo haliwezi kuamuliwa na timu, kwa kuwa viwango vimo katika sheria ndogo, hivyo Mweka Hazina anaandaa hoja ya kupelekwa kwenye kamati ya fedha, na hapo diwani wa kata anaingizwa mapema ili hoja ikifika isimshtue. Kila Ijumaa namba moja inaandikwa ubaoni, si kwenye kompyuta ya Mweka Hazina peke yake. Wiki namba inaposhuka, mwenyekiti wa timu anauliza ni nini kimetokea, na mtu wa kwanza kupewa nafasi ya kujibu ni mkusanya ushuru.

Hatua hiyo ya mwisho inaonekana ndogo, lakini hapo ndipo uongozi wenyewe unapofundishwa au kuharibiwa. Katika vikao vyetu vingi mtu wa cheo cha chini husema mwisho, na husema kile ambacho wa cheo cha juu ameshakisema. Heshima yetu kwa wakubwa ni tunu na sioni sababu ya kuitupa. Lakini kiongozi anayetaka habari za kweli za ufukweni hana budi kutafuta utaratibu unaomwezesha kijana wa POS kumwambia jambo asilolipenda bila ya kijana huyo kuonekana amekosa adabu, na njia nyepesi kuliko zote ni mkubwa kunyamaza mpaka wengine wamalize. Mwezeshaji anayekuja mara moja kwa mwezi na kukaa pembeni mwa kikao halisi anaweza kumsaidia mkuu wa idara kuligundua hilo. Hakuna semina ya hotelini inayoweza, kwa sababu hotelini kijana wa POS hayupo.

Kata, mahali ambapo amri haipo

Makao makuu ya halmashauri hupata mafunzo mengi kuliko kata, ingawa ni Mtendaji wa Kata anayekutana na wananchi. Yeye ni katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Walimu wakuu, mganga wa zahanati, afisa ugani na maofisa wengine wa kata wanafanya kazi katika eneo lake, lakini kila mmoja ana mkuu wake wa idara wilayani. Bajeti yake ni ndogo mno, mara nyingine haipo kabisa.

Kata za kusini mwa Bagamoyo zilizo jirani na Dar es Salaam, kama Mapinga na Kerege, zinaonyesha ugumu wa kazi hiyo kwa uwazi, kwa sababu mji umekuwa ukisogea kutoka upande wa Bunju na ardhi imepanda thamani. Kiwanja kimoja kinaweza kuwa na hati ya mauziano ya familia, ushahidi wa mzee wa mtaa, na mtu wa tatu mwenye ramani. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kutoa hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Na pale ambapo ardhi ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka Halmashauri ya Kijiji kupata idhini ya Mkutano Mkuu kabla ya kugawa. Kwa hiyo kiongozi wa ngazi hiyo hana budi kujua kuitisha mkutano ambao watu watauhudhuria, kuusoma mhutasari uliopita mbele yao, kumsikiliza anayepiga kelele na anayenyamaza pia, na kuandika kilichoamuliwa kwa maneno ambayo hayatageuzwa kesho. Kama ningeambiwa nichague ngazi moja tu ya kuwekeza fedha za mafunzo ya uongozi, ningechagua hii, na ningeanza na namna ya kuendesha na kuandika mkutano.

Vikwazo ambavyo mafunzo hayaviondoi

Kuna mambo ambayo hakuna ustadi wa timu unaoweza kuyafidia. Idara inayoongozwa na kaimu kwa muda mrefu huwa na kiongozi anayeogopa kuamua, kwa kuwa hajui kama mwezi ujao atakuwa bado kwenye kiti hicho, na watumishi wake nao wanajua hivyo. Fedha zinazofika mwezi Mei kwa mwaka wa fedha unaoisha Juni huifanya mipango yote kuwa mbio za kuandaa hati za malipo. Mradi unaoshushwa kutoka juu katikati ya mwaka huwalazimisha watu kuacha kile walichokubaliana. Mambo haya yanahitaji maamuzi ya OR-TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na Hazina, na si haki kumpeleka mkuu wa idara kozi ya uongozi ili avumilie vizuri zaidi kile ambacho kingeweza kurekebishwa.

Upimaji wa watumishi nao unavutana na kazi ya timu. Mfumo wa zamani wa OPRAS, ulioanza mwaka 2004, na ule wa kielektroniki wa PEPMIS ulioupokea, humpima kila mtumishi kwa malengo yake. Ni maendeleo makubwa kuliko ripoti za siri za zamani. Lakini Afisa Uvuvi wa mfano wetu, aliyeamka alfajiri ili makusanyo ya Mweka Hazina yapande, anahitaji kuona jitihada hiyo ikihesabiwa mahali fulani. Mfumo hauzuii wakuu wa idara mbili kuandika lengo moja la pamoja katika malengo ya watumishi wao wote wanaohusika. Kinachohitajika ni wao kukaa mapema, mwanzoni mwa mwaka wa fedha, na kukubaliana.

Halafu kuna uhamisho. Timu iliyoiva inaweza kuvunjika kwa barua tatu zilizofika wiki moja, na kwa kuwa watumishi wa umma ni wa nchi nzima, si jambo la kulalamikiwa sana. Linaloweza kufanyika ni kubadilisha kinachokabidhiwa. Hati za makabidhiano huorodhesha magari, funguo, majalada, madeni na kompyuta. Inafaa kuongezwa ukurasa mmoja unaosema timu ilikuwa ikishughulikia tatizo gani, namba ilianzia wapi na imefika wapi, njia zipi zilijaribiwa zikashindwa, na ni nani nje ya ofisi, awe diwani, meneja wa wakala au mwenyekiti wa kijiji, aliyeahidi kufanya nini na lini. Ukurasa huo usiandikwe na mkuu anayeondoka peke yake siku ya mwisho. Uandikwe na timu kila mwisho wa robo, utunzwe na katibu wa kikao, na usomwe mbele ya mkuu mpya katika kikao chake cha kwanza, kabla hajatangaza vipaumbele vyake.